Alama Nyuma ya Mlango

Kila siku alipotoka shule, Tone hakupitia mlango wa nyumbani. Alipitia karakana. Karakana ya baba yake ilikuwa chumba cha mbele, upande wa barabarani, chenye dirisha pana, meza ndefu iliyojaa madoa ya kila rangi, na makopo yaliyopangwa rafuni kwa vimo kama wanafunzi wa gwaride. Harufu ya rangi na mafuta ya taa ilimpokea hata kabla baba yake hajainua kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Za shule?"

"Nzuri."

"Sare kwanza, halafu bati."

Maneno hayo ya mwisho baba aliyasema kila siku, kwa sauti ile ile. Maana yake Tone aliijua vizuri: avue sare ya shule asije akaichafua, avae gauni kuukuu, kisha achukue brashi na kipande chake cha bati.

Baba yake alikuwa fundi wa kuandika vibao, na watu walimwita Fundi Herufi. Ukiona jina la duka limekaa sawasawa juu ya mlango, au namba ubavuni mwa lori, au onyo kali ukutani la kukataza kumwaga taka, basi ujue mkono wake umepita hapo. Binti yake aliitwa Tone tangu alipokuwa akitambaa, kwa sababu hakukosa tone la rangi mahali fulani mwilini: puani, kisiginoni, na siku moja kwenye ulimi, mama yake akapiga kelele hadi majirani wakaja mbio na maziwa. Jina lake la shule alikuwa nalo, lakini lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu.

Kazi ya bati ilikuwa kuandika herufi S. Tone aliijaza kwenye bati lote, safu kwa safu, kisha akalipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, likawa tupu kwa ajili ya kesho. Herufi nyingine alikuwa amezimudu. Lakini S ilimtoa jasho.

"Herufi nyingine zina miguu," baba alimweleza. "Ukikosea, unaegemea mguu. S haina mguu wala ukuta. Inakwenda huku, inajuta, inageuka kule, na wewe lazima uende nayo bila kusita. Ukisita, imekwisha."

Bati likijaa, Tone alisukuma mlango wa karakana ukafungika, akageukia upande wake wa ndani. Hapo, kwa rangi iliyobaki kwenye brashi, alichora kijiti kimoja kifupi kilichosimama wima. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya siku.

Mtindo huo aliuanza baba yake. Zamani Fundi Herufi alivuta sigara asubuhi mpaka usiku, na kikohozi kilikuwa kikimvamia katikati ya kazi. Siku moja kilimvamia akiandika kibao cha daktari wa meno. Neno MENO likatoka limepinda na kuachana, utadhani ni meno yenyewe yamepigwa ngumi. Daktari alipolitazama alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha kucheka.

"Fundi," alisema, "kifua hicho kitakunyang'anya mkono. Na bila mkono wewe utakula nini?"

Jioni ile Fundi Herufi alirudi nyumbani. Hakuapa wala hakutangaza kitu. Alipomaliza kazi, kabla hajaosha brashi, alifunga mlango akachora alama moja nyuma yake.

"Ni nini hiyo?" mama yake Tone aliuliza.

"Siku moja bila sigara."

"Mh! Mwaka jana si uliacha asubuhi ukarudia mchana?"

"Ndiyo maana safari hii sisemi nimeacha. Nasema leo sijavuta. Ya kesho nitayaona kesho."

Basi sheria ikawa hiyo. Alama moja kwa kila siku bila sigara, na rangi yake ni ile iliyotumika karakana siku hiyo. Siku ya kibao cha kijani, alama ya kijani. Siku ya lori jeupe, alama nyeupe. Safu ya baba ilianza juu ya mlango na kwenda ikiteremka, na palikuwa na nafasi tupu hapa na pale. Tone alipoanza kujifunza alipewa nusu ya pili ya mlango, ile ya upande wa bawaba, alama moja kwa kila bati lililojaa.

Sababu ya Tone kuishikia bango S ilikuwa moja. Shule yao ilikuwa imejengewa chumba cha maktaba, na mwalimu mkuu alikuja mwenyewe karakana kuagiza kibao. Alitaka mistari miwili, herufi nyeupe juu ya bluu. Juu paandikwe MAKTABA YA SHULE. Chini, KARIBU USOME.

Mwalimu mkuu alipoondoka, Tone alimng'ang'ania baba yake mkono wa shati.

"Baba, mstari wa chini niandike mimi. Baba, tafadhali! Nitakuwa nauona kila siku mpaka nimalize shule."

Baba alifikiri huku akijikuna kidevu kwa mpini wa brashi.

"Mstari wa chini utakuwa wako," alisema, "kama mkono wako utakuwa tayari kabla ya siku ya kufungua maktaba. Usipokuwa tayari nitauandika mimi. Kibao cha shule hakiandikwi kwa kuoneana huruma."

Tone alikosa usingizi kwa furaha. Asubuhi alimweleza rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, msichana ambaye darasa zima lilimwita Redio. Ukimweleza Redio jambo wakati wa hesabu, kabla ya kengele ya mapumziko hata mpishi wa shule ameshalisikia. Kufikia mchana shule nzima ilijua kwamba kibao cha maktaba kitaandikwa na Tone wa darasa la sita.

"Wewe? Na hayo madole?" mvulana mmoja mkubwa alimkejeli.

"Haya madole utayasoma, utake usitake," Tone alijibu, na wenzake wakashangilia.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Bati lilijaa kila siku, alama zikapangana nyuma ya mlango, na S za Tone zikaanza kupata kiuno. Mama akipita na beseni la nguo alikuwa akisimama kidogo kuzitazama. "Hii imenona," alisema. "Na hii imeumwa wiki nzima."

Kisha ukaja mchezo wa kuruka kamba.

Wasichana wa mtaa wa nyuma walipata kamba ndefu ya kuweza kurukwa na watu watatu kwa mpigo, na kila jioni palikuwa na mashindano. Siku ya kwanza Tone alijaza bati, kisha akaenda kutazama tu. Siku ya pili aliruka. Aliporudi jua lilikuwa limezama, baba amekwenda kupeleka kibao kwa mteja, na bati limelala mezani likimngoja. "Kesho nitalijaza mara mbili," Tone alijiambia. Kesho yake ikawa fainali. Siku iliyofuata ikawa marudio ya fainali, kwa kuwa kuna aliyesema kamba ilivutwa kwa hila. Bati likawa linaendelea kungoja.

Kesho yake tena, wakati wa mapumziko, Redio alisema, "Leo jioni nakuja kwenu. Nataka kuuona huo mlango wenye alama. Nimeshawaambia watu wote kwamba hujakosa hata siku moja."

Tone alihisi masikio yakimwaka moto. Kengele ya kutoka ilipolia alikimbia nyumbani, akafunga mlango wa karakana, akaitazama safu yake. Pale safu ilipoishia palikuwa na utupu mpana, kama pengo la mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Baba alikuwa nje, barabarani, akimalizia kuandika ubavu wa lori la maji. Mezani palikuwa na kopo la rangi nyekundu, bado wazi, na brashi ndani yake.

Tone hakufikiri sana. Alichora moja. Mbili. Tatu. Ya nne, ya siku hiyo yenyewe ambayo bati hakuligusa, aliichora haraka zaidi, kwa sababu alisikia sauti ya Redio nje akimwamkia baba yake.

"Jamani!" Redio aliingia akaweka mikono kichwani. "Zote hizi? Mimi hata kupiga mswaki sijawahi kupiga siku nyingi hivi mfululizo!"

Tone alicheka naye. Lakini zile sifa hazikuwa na utamu. Zilikuwa kama chai isiyotiwa sukari, unakunywa kwa sababu umepewa tu.

Ubaya wa jambo lile ni kwamba mara ya pili ilikuwa rahisi. Siku akichoka, alijaza nusu ya bati akachora alama nzima. Siku nyingine hakugusa bati kabisa, akachora kwa kijani kama kazi ya siku ilikuwa ya kijani. Mlango ulizidi kupendeza. Mkono ulizidi kusahau.

Jumamosi moja baba alileta mezani ubao mpana, uliopigwa msasa na kupakwa bluu, ukakauka vizuri. Mstari wa juu alikuwa ameshauandika. Chini yake alivuta uzi wenye chaki, akaupiga, mistari miwili miepesi ikabaki kumwongoza Tone. Akampa brashi safi na ile fimbo fupi ya kuegemeza mkono.

"Haya, fundi," alisema. "Umeniambia uko tayari."

Tone alianza. K ilisimama. A ikakaa. R, I, B na U zikafuata, na baba akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Aliruka nafasi, akaandika U nyingine. Kisha akafika kwenye S.

Brashi ilianza vyema juu, ikageuka, halafu katikati mkono ukasita. Rangi ikajikusanya hapo hapo na kuanza kuteremka. Alipojaribu kuiwahi, tumbo la herufi likavimba. Ilikuwa kama nyoka aliyekanyagwa na baiskeli.

Baba alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa akaifuta, bluu ikarudi.

"Tena."

Ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Ya tatu Tone hakuimaliza. Macho yalikuwa yameshajaa machozi.

"Weka brashi chini," baba alisema kwa upole. "Mkono huo umechoka, au haujazoea?"

Tone alitazama sakafu. Ilikuwa rahisi sana kusema umechoka.

"Haujazoea, baba," alisema. "Sikuwa najaza bati."

"Na alama?"

"Nilizichora tu."

Baba alikwenda akafunga mlango. Mwanga wa dirisha ukaangukia safu zote mbili. Aliweka kidole kwenye alama nne nyekundu zilizofuatana.

"Nyekundu tuliifungua kwa ajili ya lori la maji. Lile lori tuliliandika siku ngapi?"

"Siku moja," Tone alijibu kwa sauti ndogo.

"Siku moja. Na hapa pana siku nne nyekundu."

"Kumbe ulijua!"

"Tangu jioni ile ile. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Tone alijifuta pua kwa mkono. Angeweza kuishia hapo. Baba alikuwa amezishika hizo nne, na hizo nne angezikubali, kesi ikaisha. Lakini alisogea mlangoni, akanyoosha kidole mwenyewe.

"Na hii ya kijani pia. Na hii ya bluu. Hii nyeupe nilijaza nusu ya bati tu. Na hizi mbili za huku chini."

Baba aliifuata kila alama kwa macho. Uso wake haukuwa na hasira.

"Hizo sikuzijua," alisema.

Akavuta kigoda akaketi, akamwita Tone karibu, akamwonyesha safu yake mwenyewe.

"Hebu tazama huku kwangu. Unaona hapa palipo wazi? Niligombana na mteja, nikavuta. Hapa, nafasi hii ndefu, ni nilipopata habari za kifo cha rafiki yangu. Nilivuta mfululizo. Na hapa," alicheka kidogo, "hapa sina kisingizio chochote. Niliona mtu anavuta, nikatamani."

"Mbona hukuzijaza? Hakuna ambaye angejua."

"Kifua changu kingejua." Baba alijigonga kifuani. "Kama mkono wako ulivyojua leo. Mwanangu, alama haiufundishi mkono chochote. Bati ndilo linaloufundisha. Alama kazi yake ni kukuambia umefika wapi, basi. Ukiidanganya, umejipotezea njia mwenyewe."

Tone alikitazama kibao. "Sasa kibao utakiandika wewe?"

"Bado wiki mbili maktaba ifunguliwe. Siku ya mwisho kabla ya kukipeleka nitakupa brashi. S ikikaa, mstari ni wako. Isipokaa, nitaandika mimi, nawe utasimama hapo unishikie kopo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Kisha, bila kuambiwa, Tone alikwenda kwenye droo akachukua kisu cha kukwangulia rangi. Alikwangua alama moja baada ya nyingine, zile nne na zile nyingine zote alizozitaja. Rangi ilidondoka kama maganda, na mahali pake pakabaki mabaka ya mbao mbichi. Mama alichungulia kutoka uani akaona, akamtazama mumewe, mumewe akamwashiria amwache.

Tangu hapo mchezo wa kamba ulingoja mpaka bati lijae. Siku za kwanza zilikuwa ngumu, S zote zilikuwa kama wagonjwa. Kuna jioni Tone alilijaza bati huku akisikia wenzake wakihesabu miruko kule nyuma, na kila waliposhangilia brashi iliruka kidogo. Lakini lilijaa. Kisha akapata homa, akalala siku nzima bila kuinuka. Alipopata nafuu alikwenda mlangoni, akaiacha nafasi ya siku ile wazi kama ilivyo, akaendelea mbele. Alishangaa kuona kwamba haikumuuma.

Jioni moja mwenye lori la maji alikuja kulipia kazi yake. Alikuwa mtu mchangamfu. Alitia sigara mdomoni, akamnyooshea baba pakiti.

"Chukua moja, fundi. Lori limependeza, kila mtu anauliza nani kaandika."

Tone alisimamisha brashi. Aliona mkono wa baba yake umeinuka kidogo kutoka mezani. Aliona pia macho yake yakienda kwenye mlango.

"Nashukuru, ndugu yangu," baba alisema, na mkono ukarudi mezani. "Leo bado sijachora alama yangu. Na hiyo yako, tafadhali, ivutie nje, usije ukaniunguza na makopo yangu."

Mgeni alicheka, akatoka. Baba alivuta pumzi ndefu. Bati lilipojaa, Tone alimsogezea baba yake brashi yenye rangi, na wakachora alama zao pamoja, yeye huku na baba kule.

Redio naye alikuja. Aliutazama mlango, akakunja uso.

"Mbona umechubuka hivi? Panya?"

Tone alijua kwamba akimweleza, kesho shule nzima itakuwa imejua. Alimweleza hata hivyo, kuanzia kamba mpaka kisu. Redio alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Kwa hiyo siku ile nilipokusifu..."

"Zilikuwa bado mbichi. Ungezigusa zingekuchafua."

Redio aliangua kicheko, kisha akajifunika mdomo. "Usiogope. Leo redio imekatikiwa umeme."

Na kweli, safari hii hakutangaza.

Siku ya mwisho ikafika. Baba alipiga tena uzi wa chaki, akampa Tone brashi, akarudi nyuma hatua chache. Mama naye alikuja, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, chungu kikichemka huko nyuma bila mtu. Tone aliegemeza mkono juu ya fimbo. Hakuwaza juu ya shule wala juu ya mvulana aliyemkejeli. Aliwaza juu ya bati.

Brashi iligusa ubao, ikapinda, ikateremka katikati bila kusita, ikageuka chini na kuinuka. S ilisimama. Ilikuwa na kiuno, ilikuwa na tumbo, na haikudondosha hata chozi moja la rangi. O, M na E zilifuata kama abiria waliopata nafasi.

"Hiyo imenona," mama alisema. Kisha akapiga kelele, "Chungu changu!" akatoweka.

Baba alikisogelea kibao. Alikitazama kwa karibu, akakitazama kwa mbali, akakitazama kwa jicho moja. "Mstari wako huo," alisema tu. Lakini alikuwa amenyoosha mabega kama mtu aliyevishwa koti jipya.

Mwalimu mkuu alipokuja kukikagua alikipenda sana. Akauliza Tone amejifunzaje mpaka akafika hapo. Baba alifunga mlango, akamwonyesha nyuma yake. Mwalimu mkuu alizitazama zile alama, akaelezwa maana ya safu zile mbili, akasema, "Mlango huu watoto wangu wote wangepaswa kuuona."

"Nusu yake si yangu," baba alisema. "Muulize mwenyewe."

Tone alitazama yale mabaka. Walimu wangeyaona. Yule mvulana mkubwa angeyaona.

"Tutauleta, mwalimu," alisema. "Na mabaka yake."

Asubuhi ya kufungua maktaba, baba alifungua bawaba kwa bisibisi, wakaubeba mlango wawili, baba mbele na Tone nyuma, wakapita nao katikati ya barabara. Kibao kilikuwa kimeshatangulia. Kinyozi alitoka dukani kwake na mkasi mkononi.

"Fundi, unahama?"

"Nahama na mlango tu," baba alijibu bila kusimama. "Nyumba itanifuata!"

Shuleni mlango uliegemezwa ukutani, chini ya kibao kipya. Wanafunzi walisukumana kuuona. Mwalimu mkuu alipotangaza nani ameandika mstari wa chini, makofi yalipigwa mpaka ndege wakaruka juu ya paa. Yule mvulana mkubwa alikisoma kibao kwa sauti, "Karibu usome," kisha akakumbuka, akainamisha kichwa huku akicheka. Baadaye aligusa baka moja.

"Hapa palitokea nini?"

Tone alipanda ngazi ya kwanza ya maktaba ili wote wamsikie.

"Hapo nilichora alama za uongo," alisema. "Nilikuwa nacheza, sikufanya kazi. Nilipopewa kibao mara ya kwanza nilikiharibu. Nikazikwangua zote, nikaanza tena. Nafasi hii tupu ni siku niliyoumwa. Zilizobaki zote ni za kweli."

Hakuna aliyecheka. Fundi Herufi aliombwa aseme neno. Hakuwa mzoefu wa hotuba, alisimama akizungusha kofia yake mikononi.

"Mimi nimeandika majina ya watu wengi kwenye milango," alisema. "Lakini mlango ninaojivunia ni huu. Wanangu, mkitaka kufika mahali, chagueni kazi ndogo mtakayoiweza kila siku. Ifanyeni kwanza, ndipo mweke alama. Mkikosa siku, acheni nafasi yake wazi, muendelee kesho. Nafasi tupu haiwezi kukuharibia safari. Alama ya uongo ndiyo inayokuharibia, kwa sababu unadhani umefika na kumbe bado hujaondoka. Binti yangu alinionyesha alama za uongo ambazo mimi sikuzijua. Siku ile ndipo nilipojua kwamba kibao atakiandika."

Akavaa kofia yake na kukaa. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba nyuma ya mlango wa maktaba bado ni peupe, na kila darasa litapewa sehemu yake, alama moja kwa kila siku ya kusoma. Redio akainua mkono kuuliza kama anaweza kuwa na safu yake binafsi, ya siku alizotunza siri za watu.

"Utakuwa na nafasi tupu nyingi!" mtu alipaza sauti.

"Nitaziacha wazi," Redio alijibu, na uwanja wote ukavunjika mbavu.

Mchana waliurudisha mlango nyumbani, baba akaukaza kwenye bawaba zake. Tone alisimama mbele ya safu yake, bado na sare, akiwa na brashi ya rangi nyeupe mkononi. Siku kubwa kama hii, aliona, ilistahili alama nene kuliko zote. Aliinua mkono.

Nyuma yake baba alikohoa kidogo. Hakikuwa kile kikohozi cha zamani. Kilikuwa cha kumkumbusha mtu jambo.

Tone aliteremsha brashi, akacheka.

"Najua, baba," alisema. "Sare kwanza, halafu bati."